Fundi Anajibu: Mapaleti, mbao za mashua na unga chini ya kabati

Barua za mwezi huu ni nyingi, na karibu zote zinahusu mbao na vitu vilivyokwisha kutumika ambavyo wasomaji wanataka virudi nyumbani vikiwa kitanda, benchi au rafu. Nimefurahi sana. Karakana yangu hapa Ngamiani, Tanga, inaendeshwa kwa mbao za namna hiyo, na nikipewa nafasi nachagua mbao iliyokwisha kukauka kwa miaka kuliko mbichi iliyoshushwa jana kwenye lori. Ila nina ombi moja kwenu nyote: kabla hujaikata mbao kuukuu, uliza ilikotoka. Ilibeba nini, ilikaa wapi, ilipakwa nini. Majibu mengi ya leo yanaanzia hapo.

*

Mama Fundi, shikamoo. Mimi ni kijana, nimepanga chumba Chang'ombe, Dar es Salaam. Karibu na kazini kuna ghala wanauza mapaleti, vile vichanja vya mbao vya kupangia mizigo, kwa bei ndogo. Nataka kitanda cha godoro la nne kwa sita na kochi dogo. Rafiki yangu anasema mapaleti yana sumu. Ni kweli? Na yanabanduliwaje? Nilijaribu moja kwa mtaimbo, mbao zote zikapasuka.

Marahaba mwanangu, na hongera kwa chumba. Rafiki yako ana hoja, ila haihusu mapaleti yote.

Paleti linalovuka mipaka ya nchi hutakiwa kutibiwa kwanza ili lisisafirishe wadudu wa miti, kisha hugongwa muhuri. Utafute kwenye vigogo vya pembeni. Utaona mchoro wa suke la ngano na herufi IPPC, halafu herufi mbili za nchi (TZ, KE, CN, IN na kadhalika), namba ya aliyelitibu, na herufi za namna lilivyotibiwa. Hizo ndizo unazozitafuta. HT maana yake mbao ilipashwa moto mpaka kiini chake kikafika nyuzi joto 56 kwa muda usiopungua dakika 30. Hapo hakuna kemikali, lichukue. MB maana yake lilifukizwa kwa methili bromidi, gesi yenye sumu ambayo pia inaharibu tabaka la ozoni. Hilo liache hukohuko ghalani hata ukipewa bure. Ukiona na DB usihangaike, ni kuonyesha tu kwamba magome yaliondolewa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopita haraka. Muhuri unazungumzia wadudu wa siku ile tu. Hausemi paleti lilibeba nini baadaye, wala hauzuii dumuzi wapya, wale wadudu wanaotoboa mbao, kuingia. Paleti lenye HT safi kabisa linaweza kuwa limemwagikiwa dawa ya mashamba au mafuta machafu. Kwa hiyo uliza ghalani walikuwa wanapanga bidhaa gani juu yake. Halafu liangalie: madoa meusi yanayong'aa, au rangi ya ajabu iliyozama ndani ya mbao, liache. Mwagia maji kidogo, subiri, nusa. Mbao iliyolowa hutoa harufu ambayo ikiwa kavu huificha. Lisilo na muhuri huenda lilitengenezwa hapahapa nchini na halijawahi kusafiri. Si baya kwa sababu hiyo, ila kalikague zaidi.

Kuhusu kubandua: misumari ya mapaleti mara nyingi imesokotwa au ina mikato, ndiyo maana ubao hupasuka kabla msumari haujatoka. Usiing'oe. Ikate. Piga kabari nyembamba ya mti kati ya ubao na kigogo mpaka ipatikane nafasi, kisha pitisha jani la msumeno wa chuma, lililofungwa kitambaa upande mmoja ili ulishike, ukate shingo za misumari. Ubao unatoka mzima na vichwa vya misumari vimebaki ndani yake. Viache humo. Vinapendeza, na tundu la msumari uliong'olewa kwa nguvu halipendezi.

Kwa kitanda, wala huna haja ya kubandua yote. Mapaleti mengi ni ya mita 1.2 kwa 1, na mengine ni 1.2 kwa 0.8. Tafuta mawili ya aina ya kwanza, yapange kichwa kwa mguu, unapata mita 1.2 kwa 2. Godoro lako ni kama sentimita 122 kwa 183, kwa hiyo litakaa vizuri na kitabaki kijinafasi miguuni. Yaunganishe kwa ubao mrefu kila upande, kwa skrubu, yasiachane usiku. Ukiona ni chini mno, weka tabaka la pili. Kisha pima nafasi kati ya mbao za juu: isizidi sentimita 7, la sivyo godoro la sponji litazama na kukatika. Hapo ndipo zinapofaa zile mbao ulizobandua kwenye paleti la tatu. Chini usizibe na chochote. Dar ina unyevu, na godoro lisilopata hewa huota ukungu upande usiouona.

Kochi linataka uangalifu zaidi. Kiti kikae sentimita 40 hadi 45 kutoka sakafuni ukihesabu na mto ukishakaliwa, na mgongo ulale nyuma kidogo. Makochi mengi ya mapaleti ninayoyaona yana mgongo wima kwa sababu fundi aliliegemeza paleti zima kama lilivyo. Mgeni hawezi kukaa hapo akamaliza chai. Kata upya miguu ya mgongo kwa mshazari, kazi ya saa moja, na kochi litakaliwa miaka.

Msasa anza na namba 80, kisha 120, malizia na 220, na pembe zote zipigwe ziwe duara. Funika pua na mdomo. Na usimpe mtu akalie kabla hujapitisha kiganja chako kila mahali, maana mbao za paleti zina vibanzi vikali.

*

Dada Fundi, vipande vya mbao vinavyobaki baada ya kazi, vile vyenye rangi au vanishi, naweza kupikia?

Hapana ndugu yangu. Wala usichome uani watoto wakiwa karibu. Mbao zisizopakwa kitu ndizo za jikoni. Nguzo za umeme zilizokatwa nazo zisiingie jikoni kamwe, wala zisiwe fanicha ya ndani: zile za kijani zimetiwa dawa ambayo majivu yake hubaki na sumu ya aseniki, na zile nyeusi zimetiwa kreosoti. Mataruma ya reli ya mbao ni vivyo hivyo.

*

Mwanangu Fundi, mimi ni mvuvi mstaafu wa hapa Pangani. Mashua yetu ya familia imelala ufukweni tangu mkuku ulipovunjika. Wajukuu wanataka kuipasua kuni. Mimi nataka ibaki nyumbani, walau benchi la barazani. Mbao zina matundu mengi na rangi ya buluu imebabuka. Zitafaa kweli?

Shikamoo mzee wangu. Zitafaa, na nakuomba uwazuie wajukuu na shoka lao mpaka umalize kusoma. Mimi kazi hii nimefundishwa na baba yangu mdogo, aliyekuwa akikarabati mashua Sahare, kwa hiyo barua yako imenigusa na nitajibu kwa kirefu.

Anza na matundu. Chukua sindano nene, chokoa tundu moja moja. Ukikuta ndani kuna ganda gumu jeupe la chokaa, hiyo ni kazi ya wadudu wa baharini, na wadudu hao hawaishi nje ya maji. Walikufa siku mashua ilipopandishwa. Matundu yao hayana madhara tena, na kwenye benchi yatasimulia habari za bahari. Ukikuta tundu dogo la mviringo lisilo na ganda, na unga laini unamwagika, hao ni dumuzi wa nchi kavu na bado wapo kazini. Mbao hiyo itenge.

Pili, jua ni mti gani. Ubao wa kahawia inayokaribia dhahabu, mzito, usiozama kisu, huenda ni mvule. Mwembe ni mwepesi zaidi, na mahali penye doa laini huwa pameoza. Chomeka kisu uone. Mataruma ya mashua, zile mbavu zake za ndani, kwa kawaida ni ya magogo yaliyopinda yenyewe tangu mtini, mwembe, mkoko na kadhalika, wewe wayajua kuliko mimi. Ukikata mvule ukasikia sauti ya msumeno imebadilika ghafla wala hakuna msumari, simama. Ndani ya mvule wakati mwingine mna jiwe, chokaa iliyojijenga ndani ya mti ungali hai, na jiwe hilo hula meno ya msumeno. Lichonge kwa patasi kuukuu kisha uendelee. Vumbi la mvule nalo huwasha ngozi na kubana kifua, basi atakayepiga msasa ajifunike na afanyie nje.

Tatu ni chumvi. Mbao iliyokaa baharini imejaa chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa. Ukipaka vanishi juu yake, siku za unyevu benchi litatoka jasho na vanishi itainuka. Toa kalafati yote, ile pamba iliyozibia maungio, maana imeshika sifa, yaani mafuta ya samaki, na harufu yake haitaki kuondoka. Kwangua deheni, ule mpako wa mafuta na chokaa wa chini ya mashua. Kisha mbao zioshwe kwa maji baridi mara nyingi. Kama masika yako karibu, zipange wima nje mvua izioshe. Baada ya hapo zilaze kivulini, kila ubao umetengwa na mwenzake kwa vijiti, zikauke wiki kadhaa. Juani zitapinda na kupasuka.

Nne ni misumari. Tafuta spika ya redio iliyokufa, toa sumaku yake, ifunge uzi, uipitishe polepole juu ya ubao bila kuugusa. Ikifika penye msumari itavutwa. Tia alama ya chaki. Unaotoka uutoe, usiotoka uuzamishe ndani na usikate hapo. Utaona weusi umezunguka kila msumari. Huo ni chuma kilichokutana na maji ya mti, umezama ndani, usipoteze msasa kuutafuta. Mimi huuacha, na wateja wangu ndio wanaoupenda kuliko kitu chochote.

Rangi ya buluu usiipige msasa ikiwa kavu. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni baya mno kwa watoto. Lowesha, kwangua, kusanya vipande kwenye turubai, nawa mikono. Kama unataka buluu kidogo ibaki, acha ile iliyoshika kabisa na uifunike kwa vanishi tabaka mbili tatu. Kwenye kitanda cha mtoto nisingeiacha hata kidogo.

Na benchi lenyewe: chukua ubao wa ubavuni ulio na mpindo wake, usiunyooshe. Mataruma mawili yanayofanana yawe miguu. Kiti kikae sentimita 45. Unganisha kwa boliti zilizopakwa zinki zinazopita upande wa pili, kwa sababu hewa ya Pangani hula msumari wa kawaida mapema. Ukipenda mafuta badala ya vanishi, mafuta ya kitani yaliyochemshwa yanafaa, lakini matambara uliyopakia usiyakunje ukayatupa kwenye kona. Yanaweza kupata joto yenyewe mpaka yakawaka. Yatandaze nje moja moja yakauke.

*

Fundi, nimeachiwa na bibi yangu mlango wa kuchongwa, hapa Bagamoyo. Upande mmoja umeoza. Nataka kuukata niutengenezee meza ya sebuleni. Unasemaje?

Nasema usiukate bado. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu zilizochongwa kabla ya mwaka 1940, na hapo Bagamoyo milango ya umri huo si michache. Nenda ofisi ya Mambo ya Kale, peleka picha, waulize. Wakikwambia ni wa miaka ya karibuni, basi bado sikushauri ukate nakshi. Laza mlango mzima kwenye fremu yenye miguu, weka kioo juu kilichoinuliwa kidogo kisiguse michongo. Upande uliooza ujazie ubao mwingine ambao haukuchongwa, uonekane wazi kwamba ni kiraka. Nakshi zote zitakuwa mezani kwako, na bibi yako atakuwa ameheshimiwa.

*

Habari za kazi, Fundi. Chini ya kabati la jikoni tulilorithi kuna unga unamwagika kila siku. Jirani ameniambia nipake oili chafu ya gari. Nifanye hivyo? *(Msomaji wa Muheza)*

Oili chafu isiingie ndani ya nyumba, tena jikoni. Ina mabaki ya metali na kemikali ambazo hutaki zigusane na vyombo, harufu haiishi, na ukishapaka hakuna rangi wala gundi itakayoshika hapo. Mafuta ya taa yanaua mdudu yaliyemkuta, kisha yanaruka hewani, na kwa muda unabaki na kabati linaloweza kushika moto.

Kwanza hakikisha ni nani. Tandika karatasi nyeusi chini ya kabati kwa wiki moja. Ukikuta unga laini, ni dumuzi. Ukikuta chembe ngumu, kila moja peke yake, kama mbegu za mchicha, hao ni mchwa wa mbao kavu, wanaoishi ndani ya mbao bila kuhitaji ardhi. Njia za udongo zikipanda ukutani, ni mchwa wa kawaida na tatizo liko kwenye msingi wa nyumba. Na ikiwa karatasi imebaki safi, ulikuwa unaona unga wa zamani unaodondoka kwenye matundu ya zamani.

Kama kabati ni la mninga au mvule, angalia matundu yako wapi. Dumuzi hupenda ile sehemu nyeupe ya nje ya mti. Kiini chekundu cha mninga hawakipendi. Mara nyingi ni mbao mbili tatu tu zenye weupe ndizo zinazoliwa. Zibandue, weka nyingine, na za zamani zichome kama hazina rangi wala vanishi. Zilizobaki kwangua vanishi, kwa sababu dawa haipiti juu ya vanishi, kisha paka maji ya boraksi kwa brashi mara mbili, zikauke, ndipo upake vanishi mpya. Watoto wasiwe karibu na ndoo ya dawa. Ikiwa ni mchwa wa mbao kavu na wameenea kabati zima, sitakudanganya: ita mtu wa kufukiza.

*

Dada Fundi, nina matairi mawili ya gari dogo. Nimeona watu wanayazungushia kamba ya mkonge yanakuwa stuli. Kamba ngapi, na ninaanzia wapi? Niko Morogoro.

Uko kwenye mkoa wa mkonge kama mimi, kamba haitakusumbua. Tairi la rimu ya inchi 14 lina upana wa kama sentimita 60 kwa nje. Ukitumia kamba ya milimita 8, juu utahitaji kama mita 35 na ubavuni kama mita 42, basi nunua mita 80. Osha tairi kwa sabuni ya unga na brashi ngumu, lianike. Kata duara la plaiwudi, kile kipande kilichotumika kumwagia zege kinafaa sana, kiwe milimita 12 au zaidi. Lifunge juu ya tairi kwa skrubu. Duara jingine kama hilo lifunge chini. Anza katikati ya duara la juu, zungusha kamba kwenda nje huku unapaka gundi ya mbao kidogo kidogo, shika kwa msumari mdogo kila baada ya mizunguko michache. Ukifika ukingoni usikate, teremka nayo ubavuni.

Stuli hii ni ya ndani. Nje mkonge hunywa maji na kuota ukungu. Na lile tairi la pili, kama unalingojea zamu yake, liingize ndani leo. Maji kidogo yaliyokaa ndani ya tairi ni kitanda cha mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengue. Dar es Salaam ilipata mlipuko mwaka 2014 na tena 2019. Mayai ya mbu huyu hukaa makavu kwa miezi, yakipata maji yanaanguliwa, kwa hiyo kumwaga maji tu hakutoshi, sugua. Wanaopanda maua kwenye matairi watoboe matundu kila upande wa chini. Hili nalisema kila ninapopata nafasi.

*

Salaam aleikum, dada. Niko Likoni, Mombasa. Plastiki zimejaa pwani. Nasikia Lamu walitengeneza jahazi la plastiki. Nami naweza kuyeyusha chupa nyumbani nipate mbao?

Waaleikum salaam. Ulichosikia ni kweli. Linaitwa Flipflopi, lilijengwa Lamu kwa tani kama 10 za plastiki, likapambwa kwa ndara zilizookotwa pwani, kiasi cha 30,000. Liliteremshwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Aliyeongoza ujenzi ni fundi Ali Skanda, na mbao zile za plastiki zilichongwa kwa ufundi uleule wa majahazi ya mti. Mimi huwaonyesha picha zake vijana wanaokuja kujifunza kwangu.

Lakini plastiki ile ilichambuliwa aina kwa aina na kuyeyushwa kwa mashine. Kwenye sufuria nyumbani usijaribu. Moshi wake ni sumu, na kipande kimoja cha bomba la PVC kikiingia hutoa gesi ya tindikali inayochoma mapafu. Tumia plastiki bila moto. Dumu la lita 20 likikatwa upande na kufungiwa fremu ya mbao linakuwa droo isiyooza, na mimi jikoni kwangu ninazo. Kreti za soda zilizochakaa, ukiziomba kwa mwenyewe, hupangwa zikawa rafu ya viatu. Vifuniko vya chupa vikipigiliwa chini ya miguu ya meza huizuia isinywe maji ya deki.

*

Fundi, mume wangu anasema hataki takataka sebuleni. Nimetengeneza meza nzuri kwa mbao za kreti, ameitoa uani. Nimeumia. *(Mama wa watoto wawili, Mbeya)*

Pole sana mwenzangu. Sitamsema vibaya mumeo, maana wengi wetu tumekuzwa tukiambiwa kitu cha maana ni kile kilichotoka dukani. Lakini sikubaliani naye. Jikoni kwa bibi zetu upawa ulikuwa kifuu cha nazi na kipini cha mti, kata ya maji vilevile kifuu, koroboi lilikuwa kopo la maziwa, na hakuna aliyeviita takataka. Vilikuwa vyombo, kwa sababu vilitengenezwa vizuri na vilifanya kazi.

Hapo ndipo ninapokushauri uangalie. Umesema ni nzuri. Je, inayumba? Ikiyumba, pima miguu upya. Ukipitisha kiganja chini yake, pamepigwa msasa au ni juu tu? Maandishi ya kreti bado yanaonekana? Wengine wanayapenda, lakini kama kwake ndiyo yanayomkera, geuza ubao upande wa ndani. Paka rangi moja na viti vilivyopo, isionekane mgeni. Kisha usimwombe aikubali meza. Tengeneza kitu anachokihitaji yeye: sehemu ya kuwekea funguo na simu mlangoni, au kiti cha kuvalia viatu. Kipande cha paleti chenye ndoano tatu kinatosha. Kwa wateja wangu nimeona hivyo mara nyingi, kwamba mwanaume anayeona haya na meza huja mwenyewe kuagiza kile kiti.

*

Shikamoo Mama. Sisi ni kikundi cha vijana wanne Mafinga. Tunapata mabanzi bure kwenye viwanda vya mbao. Tumetengeneza vioo vya ukutani na rafu, watu wanasifia lakini pesa haionekani. Tunakosea wapi?

Marahaba wanangu. Mko mahali pazuri, shamba la miti la Sao Hill liko mlangoni kwenu na mabanzi hayataisha. Nadhani najua pesa inakokwenda: mnaweka bei ya mti uliopatikana bure. Mti ni bure, lakini msasa, gundi, vanishi, kioo, bodaboda ya kuleta na saa zenu nne za kazi si bure. Chukueni daftari. Kwa kila rafu andikeni vifaa vilivyotumika, hata nusu karatasi ya msasa, na saa za kila mmoja kwa ujira ambao angelipwa kibarua mahali pengine. Ongezeni kitu kidogo cha kununulia zana. Hapo ndipo bei inapoanzia. Ikiwa soko halifiki hapo, msipunguze ujira wenu, badilisheni bidhaa. Rafu moja yenye mikato kumi inaweza kuuzwa sawa na ubao wa kukatia mboga wenye mikato miwili.

Pia angalieni ubichi. Mabanzi ya msindano yanatoka kiwandani yamejaa maji. Yatoeni magome siku hiyohiyo, kwa sababu wadudu huishi chini yake, yapangeni kivulini na vijiti katikati, kundi la mwezi huu lisiguswe mpaka likauke. Rafu ya mbao mbichi iliyouzwa leo itapinda nyumbani kwa mteja, na mteja huyo hatarudi wala hatamleta mwingine. Ile rangi ya bluu inayotokea kwenye mti wenyewe ni ukungu, haipunguzi nguvu ya mbao. Zile zenye bluu zikusanyeni pamoja mtengeneze seti moja, zinauzika. Kwenye vioo, nyuma pawe na ndoano mbili, si moja, na mpimie mteja skrubu za ukutani kabisa mumkabidhi ndani ya bahasha.